Mbwa na Paka Katika Boma Moja: Somo kwa Mkulima wa Skimu

Watu wengi husema ya kuwa mbwa na paka ni maadui tangu kuumbwa, na ya kuwa hapana mtu awezaye kuwapatanisha. Neno hili si kweli. Mbwa na paka waweza kukaa katika boma moja, kila mmoja akala chakula chake na kulala kwa amani. Lakini amani hiyo haiji yenyewe. Huletwa na mwenye boma, kwa kazi ya majuma mawili au matatu, na kazi hiyo si ngumu wala haina gharama kubwa.

Labda utauliza, "Mimi ni mkulima. Nina mahindi, viazi vitamu na ng'ombe. Ugomvi wa mbwa na paka wanihusu nini?" Jibu la swali lako limo ghalani mwako. Soma mpaka mwisho, kisha uwasomee watu wa nyumbani mwako, maana kazi hii huharibika upesi ikiwa mtu mmoja anaifuata na wengine hawaijui.

KAZI YA KILA MMOJA

Tazama boma la mkulima upande wa Oyugis. Mahindi ya mvua ndefu yakisha kuvunwa na kukaushwa, hutiwa katika magunia na kuwekwa ndani ya nyumba, au huwekwa katika dero, yaani ghala lililosukwa kwa fito na kuezekwa kwa nyasi. Tangu siku ile panya hupata habari. Katika skimu jambo hili ni baya zaidi. Katika Bonde la Lambwe, kwa mfano, ambako wakulima walianza kupewa mashamba katika miaka ya 1960, nyumba hujengwa ndani ya shamba lenyewe, mbali kidogo na nyumba ya jirani. Panya hana safari ndefu. Hutoka kichakani, hupita katikati ya mabua, naye amefika.

Kazi ya paka ni kumzuia panya huyo. Kazi ya mbwa ni kulinda boma usiku, kubweka mgeni akija, na kumfukuza nguchiro na wanyama wengine walao kuku. Mbwa hawezi kuifanya kazi ya paka, na paka hawezi kuifanya kazi ya mbwa. Mkulima anawahitaji wote wawili.

HASARA YA UGOMVI

Sasa fikiri yatakayotokea mbwa akimfukuza paka kila siku. Paka hulala juu ya mti, au hukaa kwa jirani, au huhamia kichakani kabisa. Akizoea kichaka huwa mwizi wa vifaranga. Wakati huo ghala halina mlinzi.

Tufanye hesabu. Panya mkubwa mmoja hula kama gramu 20 za nafaka kwa siku. Panya 20 watakula gramu 400 kwa siku, na kwa mwaka mzima watakula kilo 146. Hilo ni gunia moja la kilo 90 na zaidi ya nusu ya gunia la pili. Na hayo ni yale wanayokula tu. Hatujahesabu yale wanayoyamwaga, magunia wanayotoboa, na mahindi wanayoyachafua kwa mkojo na mavi. Tena panya hawangoji. Jike hubeba mimba kwa majuma matatu tu, akazaa watoto sita, wanane au zaidi, na watoto hao nao huanza kuzaa wakiwa na umri wa miezi miwili au mitatu.

Mkulima akiona hasara hiyo hukimbilia sokoni kununua sumu. Mara nyingi hununua unga usio na karatasi ya maelezo. Panya aliyekula sumu hulegea, hushindwa kukimbia, na mbwa humkamata akamla. Kuku nao hudonoa chambo kilichosahauliwa, na hata mtoto mdogo aweza kukiokota. Hivyo ugomvi wa mbwa na paka, ambao ulionekana kuwa mchezo wa kuchekesha watoto, umekwisha kuleta njaa ghalani na sumu nyumbani.

KWA NINI HUGOMBANA

Mbwa na paka hawachukiani kwa asili. Shida yao ni kwamba hawasikilizani, kama watu wawili ambao kila mmoja ana lugha yake. Mbwa hutikisa mkia akifurahi. Paka huupiga mkia huku na huku akikasirika. Mbwa akitaka kucheza huinamisha kifua chini na kurukaruka, na paka huona anataka kushambuliwa. Mbwa akilala chali mbele ya mbwa mkubwa husema, "Nimeshindwa." Paka akilala chali wakati wa ugomvi anaweka tayari makucha ya miguu yote minne. Mbwa asiyejua hayo husogea karibu, akapigwa makucha ya jicho.

Tena iko sababu ya pili. Mbwa ana tabia ya kukifukuza kitu kinachokimbia. Paka naye akiogopa hukimbia. Basi mbio zikianza, mbwa hujifunza ya kuwa kufukuza paka ni mchezo mtamu, na kila siku ataurudia. Kwa hiyo ukitaka kushika jambo moja tu katika somo hili, lishike hili: usiache mbio za kwanza zitokee.

Mwaka 2008 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walitoa habari za uchunguzi wao juu ya nyumba zenye mbwa na paka pamoja. Waliona ya kuwa katika nyumba nyingi wanyama hao walipatana, na ya kuwa wengi walikuwa wamejifunza kuzielewa ishara za wenzao. Waliona pia mambo mawili yanayomfaa mkulima. Kwanza, mapatano huwa rahisi zaidi ikiwa paka amefika nyumbani kabla ya mbwa. Pili, huwa rahisi zaidi wakikutana wangali wadogo, paka akiwa chini ya miezi sita na mbwa akiwa chini ya mwaka mmoja.

Basi wewe unayeanza boma jipya katika skimu, na hujapata mnyama yeyote kati ya hawa, leta paka kwanza. Akisha kuzoea nyumba, leta mtoto wa mbwa. Usichukue mtoto wa paka wala wa mbwa kabla hajatimiza majuma manane, maana angali anahitaji maziwa ya mama yake na mafundisho yake. Lakini hata kama tayari unaye mbwa mkubwa, usikate tamaa. Fuata hatua hizi.

HATUA ZA KUWAKUTANISHA

1. Tayarisha chumba. Kabla paka hajaletwa, chagua jiko au chumba kingine chenye mlango unaofungwa. Weka humo maji, chakula, kipande cha gunia cha kulalia, na sanduku lenye mchanga wa kujisaidia. Weka pia mahali pa juu, kama ubao ukutani au kichanja, kiasi cha mita moja na nusu kutoka chini. Paka aliye na mahali pa juu pa kukimbilia hana haja ya kupigana.

2. Mlete paka kwa utaratibu. Usimtie katika gunia na kumfunga nyuma ya baiskeli au pikipiki kutoka sokoni. Atafika amejaa hofu, na hofu hiyo ataikumbuka. Mtie katika tenga lililofunikwa, au katika boksi lililotobolewa matundu ya hewa. Siku hiyo mbwa awe amefungwa mbali. Mfikishe paka moja kwa moja katika chumba chake, ufunge mlango, umwache atulie.

3. Wajuane kwa harufu kwanza. Kwa siku tatu au nne wasionane kabisa. Chukua kitambaa umsugue paka mashavuni, kisha ukiweke karibu na pale mbwa anapolala. Chukua kitambaa kingine umsugue mbwa, ukiweke chumbani mwa paka. Mbwa akinusa na kuondoka bila fujo, mpe kipande cha chakula. Kwa wanyama hawa harufu ni kama jina. Akiisha kuizoea, mwenyewe akija si mgeni tena.

4. Wale chakula pande mbili za mlango. Mlango ukiwa umefungwa, mpe paka chakula chake ndani na mbwa chakula chake nje. Mwanzoni sahani ziwe mbali na mlango. Kila siku zisogeze kidogo. Hivyo kila mmoja atajifunza ya kuwa harufu ya mwenzake huja pamoja na shibe. Mmoja akikataa kula, umesogeza upesi mno. Rudisha sahani nyuma.

5. Waonane mbwa akiwa kwenye kamba. Chagua saa ya jioni, mbwa akiwa ameshiba na amechoka kwa matembezi. Mtu mzima amshike mbwa kwa kamba ya mita mbili hivi. Mtu wa pili aufungue mlango na kumwacha paka atoke mwenyewe akitaka. Usimbebe paka mikononi na kumpelekea mbwa usoni, maana akishtuka atakurarua wewe. Mbwa akimtazama paka kisha akakugeukia wewe, msifu na umpe chakula. Akikaza macho, mwili ukawa mgumu, akaanza kunguruma au kuvuta kamba, mgeuze upole uondoke naye. Dakika tano zatosha kwa siku ya kwanza. Fanya hivyo mara mbili kwa siku.

6. Legeza kamba. Mbwa akiisha kumwona paka siku nyingi bila kuvuta, iache kamba iburute chini, nawe ukae karibu uweze kuikanyaga. Ukiona wamenusana pua kwa pua na kila mmoja amekwenda zake, kazi imefika mahali pazuri. Hata hivyo usiwaache peke yao mpaka juma zima lipite bila fukuzo lolote. Mtoto wa paka asiachwe na mbwa mkubwa peke yake kabisa mpaka amekua na aweza kupanda juu kwa haraka.

Hatua hizi huchukua majuma mawili au matatu. Wengine huhitaji mwezi au zaidi. Ukirukia mbele utalazimika kuanza tena mwanzo.

HABARI ZA CHAKULA

Ugomvi mwingi wa boma ni ugomvi wa sahani. Usiwape mbwa na paka chakula mahali pamoja. Mbwa apewe chini, na paka apewe juu ya kichanja au ubao ambapo mbwa hafiki. Kila mmoja apewe saa yake kila siku, wala usiache makombo yazagae uani.

Wako watu wasemao ya kuwa paka asilishwe, ili njaa imfanye awinde. Hilo ni kosa. Paka huwinda hata akiwa ameshiba, kwa sababu kuwinda ni tabia yake. Paka mwenye njaa huhama boma, au huiba chakula cha mbwa na kuumwa. Tena paka hawezi kuishi kwa ugali mtupu kama mbwa anavyojaribu. Mwili wake huhitaji nyama au samaki, na akikosa kwa muda mrefu macho na moyo wake huharibika. Sisi tulio karibu na ziwa tuna bahati. Omena kidogo kutoka gorogoro unayonunua sokoni, wakichanganywa na ugali, humfaa sana. Maji safi yawepo sikuzote. Maziwa si lazima, na paka wakubwa wengi huharisha wakiyanywa.

MASWALI YA WAKULIMA NA MAJIBU YAKE

Swali: Mbwa wangu amezoea kufukuza paka tangu zamani. Je, nimpige ili aache?

Jibu: La. Mbwa akipigwa kila paka atokeapo, hujifunza ya kuwa paka ndiye aletaye maumivu, na chuki yake huzidi. Mfunge kamba, anza tena katika hatua ya tatu, na umfundishe neno moja, kama "Kaa!" au "Acha!", wakati paka hayupo. Akilitii vema kila mara, ndipo ulitumie mbele ya paka. Watu wote wa nyumbani watumie neno lile lile.

Swali: Watoto hupenda kumchochea mbwa amfukuze paka. Nifanye nini?

Jibu: Wakataze kabisa. Mbwa aliyefundishwa kufukuza paka hufukuza pia kuku, mbuzi wa jirani na mtoto anayekimbia. Mpe mtoto mkubwa kazi ya kumlisha paka juu ya kichanja, naye atakuwa mtetezi wake.

Swali: Wamekamatana sasa hivi. Niwaachanishe vipi?

Jibu: Usitie mkono katikati yao. Wamwagie maji, au piga debe kwa kishindo, au tupa gunia juu yao. Wakiachana, wafungie mbali na uwaache watulie mpaka kesho. Tazama macho ya mbwa, na tazama paka kama ana tundu la jino. Tundu dogo la jino huoza ndani, kwa hiyo muulize afisa wa mifugo.

Swali: Je, wako mbwa wasioweza kupatana na paka kamwe?

Jibu: Wako, ijapokuwa si wengi. Mbwa aliyekwisha kuua paka asiaminiwe. Afungwe mchana, wakati paka anatembea, na afunguliwe usiku kulinda, paka akiwa amefungiwa ndani karibu na magunia. Hivyo kila mmoja atafanya kazi yake wala hawatakutana.

JAMBO LA HATARI: KICHAA CHA MBWA

Kuna ugomvi mmoja ambao haupatanishwi kwa kamba wala kwa omena. Mbwa mpole akianza ghafula kuuma kila kitu, au akitokwa na mate mengi, akilegea taya, akibadilika sauti, au akitangatanga bila kujua nyumbani, huenda ana kichaa cha mbwa. Paka pia hupata ugonjwa huu, akamwambukiza mtu kwa kumuuma au kumkwaruza. Katika nchi yetu ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa karibu na Nairobi, na mpaka leo unaua watu. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, karibu hapana anayepona.

Lakini waweza kuzuiwa. Mbwa na paka wachanjwe wakiwa na umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mwaka 2014 Serikali ya Kenya ilianza mpango wa kuumaliza ugonjwa huu kabla ya mwaka 2030 kupita, na nguzo ya mpango huo ni kuchanja mbwa 70 katika kila mbwa 100. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni siku ya ulimwengu ya kupambana na kichaa cha mbwa, na mahali pengi chanjo hutolewa karibu na siku hiyo. Uliza ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe. Unapowakutanisha mbwa na paka, waanze wote wawili wakiwa wamechanjwa, maana katika siku za kwanza kuumana ni rahisi.

Mtu akiumwa au akikwaruzwa, osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15 kamili. Usipake mafuta, majani wala udongo. Mpeleke hospitali siku ile ile apate sindano, na azimalize zote kama atakavyoambiwa. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

KUMBUKA

Paka hulinda chakula ulichovuna, na mbwa hulinda boma ulilolijenga. Ukiwaacha wagombane unapoteza walinzi wawili kwa pamoja. Tenganisha sahani zao, mpe paka mahali pa juu, anza kwa harufu kabla ya macho, na usiache mbio za kwanza zitokee. Wala usimtwike paka kazi yote ya ghala. Inua ghala mita moja kutoka chini, uvike nguzo zake mabati ya kuzuia panya, fyeka majani yanayolizunguka, na zoa nafaka iliyomwagika. Hapo paka wako atashinda.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Kwa nini si vizuri kumpiga mbwa mbele ya paka?
2. Panya 10 wakila gramu 20 kila mmoja kwa siku, watakula kilo ngapi kwa miezi sita ya kuweka mahindi?
3. Katika boma lako, mahali pa juu pa paka patakuwa wapi?
4. Mbwa wako na paka wako walichanjwa lini mara ya mwisho? Kama hakuna akumbukaye, nani katika kikundi atakwenda kwa afisa wa mifugo juma hili?